Ndovu Mwenye Mshipi

Sisi wachongaji wa Wamunyu huchonga wanyama ambao hatujawahi kuwaona. Hilo si siri kwetu, ila mteja hatakiwi kuambiwa. Mteja akikuuliza kama umewahi kukutana na simba, unatazama mbali kidogo, unapuliza vumbi kwenye kazi yako, halafu unasema, "Simba? Mara nyingi." Yeye anafurahi, wewe unafurahi, na simba wa mbao anaondoka na hadithi yake. Mimi nimesema hivyo tangu ujana wangu. Ukweli ni kwamba mnyama mkubwa kuliko wote niliyekutana naye uso kwa uso huku kwetu ni fahali wa jirani, na siku hiyo nilipanda mti.

Kazi yenyewe hurithiwa. Baba anakupa kipande cha mti wa muhugu, anachora mstari kwa mkaa, anakuambia hapa ni kichwa, hapa ni mkia, usipite hapa, nawe unakata. Hakuna anayeuliza sampuli ilitoka wapi. Boma moja lina twiga wanaotazama nyuma, lingine lina viboko waliopanua midomo, na mchongaji yeyote akiokota mnyama njiani atakuambia huyu ni wa akina nani.

Wa kwetu walikuwa ndovu, na ndovu wa kwetu walichekwa.

Ndovu wa wenzetu walikuwa na masikio mapana kama ungo na mgongo uliobonyea katikati. Wa kwetu alikuwa na mgongo wa mviringo, umevimba kama mkate. Masikio yake yalikuwa madogo, yamelala ubavuni. Juu ya kichwa alikuwa na vinundu viwili, utadhani aligongwa akainuka, akagongwa tena. Na kubwa zaidi, kifuani alizungukwa na mstari mnene uliochimbwa kwa patasi, ukapita nyuma ya miguu ya mbele na kurudi juu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba ule mstari ni wa nini. Akasema ni mkunjo wa ngozi. Wachongaji wenzetu vibandani waliuita mshipi.

"Hii ndovu yenu imefungwa kama punda," mzee mmoja alikuwa akiniambia kila nikipita. "Inaenda kuteka maji?"

Wote walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu usipocheka unachekwa mara mbili.

Aliyeanzisha ndovu huyo ni babu. Babu alikuwa keya, askari wa Waingereza, akapelekwa kwa meli mpaka Bama kupigana vita ambavyo havikuwa vyake. Aliporudi alichukua tezo, akaketi, akachonga mpaka alipokufa. Kuhusu vita hakusema mengi. Tulipomsumbua alitueleza juu ya mvua, na juu ya soksi, kwamba soksi ikikaa imelowa wiki nzima inaanza kushikana na ngozi. Ndovu hakuwataja, nasi hatukumuuliza, maana nani atamuuliza Mkamba alimwona ndovu wapi? Baba alirithi sampuli hiyo na hakuigusa. Vinundu viwili, masikio madogo, mshipi kifuani.

Mimi niliigusa. Nilikuwa kijana mwenye macho makali na haraka nyingi, na katika duka moja mjini Machakos nikaona kalenda yenye picha ya ndovu. Mgongo umebonyea. Masikio ni mapana. Mshipi hakuna. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua ama nasoma. Kuanzia siku hiyo nilichonga ndovu wa kalenda, na ndovu wangu walinunuliwa, na nikaanza kuwaonea haya waliokuwa wamepangwa mbele ya baba.

Kisha akaja mnunuzi kutoka Nairobi. Alisimama mbele ya kazi ya baba, akainua ndovu mmoja, akamgeuzageuza, akauliza mbona hawa hawafanani na wengine. Baba alikuwa ameketi palepale, tezo mkononi, anajiandaa kujibu. Nilimtangulia.

"Achana na hizo," nilisema. "Hiyo si ndovu. Kuja uone zangu."

Baba hakunitazama. Alimtazama ndovu. Wiki iliyofuata alianza kuchonga vijiko, vile vijiko vikubwa vya kupakulia mboga, na hakurudi tena kwenye ndovu. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Kijiko hakina makosa." Nikasema moyoni, afadhali, vijiko vinatoka haraka. Miaka mingi nilijiona kama mtoto aliyemsaidia babake.

Ndovu mmoja tu wa babu mwenyewe alibaki nyumbani. Alikuwa mzito, mweusi kwa kushikwashikwa, na kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa sebule usijifunge kwa upepo. Baba alipita hapo kila siku.

Mwaka juzi nilialikwa Singapore. Kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono, na waandaaji walitaka watu wa kukaa na kufanya kazi mbele ya wageni. Kutoka kwetu tulichaguliwa wawili, mimi na mama mmoja kutoka Masinga, msukaji wa vyondo, vile vikapu vya mkono, mjane mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Yeye aliniita fundi, mimi nilimwita mama.

Baba alipata habari. Jioni moja alimwelekezea kidole ndovu wa mlangoni. "Babu yako alivuka bahari. Na hii pia ivuke."

Nilimwambia ukweli wangu wa wakati huo. "Baba, watanicheka."

Asubuhi ya safari alinikabidhi kitu kilichofungwa kwenye gunia na kukazwa kwa kamba ya katani, akasema nisikifungue njiani kisije kikakwaruzwa. Nilikitia kwenye begi kwa moyo mzito. Sikutaka kumuudhi mzee siku ya kuagana.

Nilikifungua ukumbini kule, meza yangu ikiwa tayari imepangwa. Nikaelewa kwa nini hakutaka nikifungue njiani. Baba alikuwa amemkata. Mgongo ule wa mviringo ulikuwa umechimbwa katikati ukabonyea, kama wa ndovu zangu. Mshipi ulikuwa umesawazishwa, umepigwa msasa mpaka kifua kikawa laini. Jeraha jipya alilipaka rangi ya viatu ya kahawia lifanane na weusi wa zamani, lakini mchongaji hadanganyiki na rangi ya viatu. Masikio aliyaacha madogo yalivyokuwa. Angefanyaje? Mti hukatwa, hauongezwi. Sasa alikuwa mnyama asiyekuwa wa babu wala wangu, na mtu yeyote angeona kwamba ameharibika.

Najua ningepaswa kuhisi nini. Nilichohisi ni nafuu. Nilisema, mzee hatimaye amekubali. Kisha nikamweka nyuma ya twiga wawili asionekane.

Mwenyeji wetu, mmoja wa waandaaji, alimwona hata hivyo. Alikuwa mama mtaratibu, mwenye nywele fupi za mvi, anayepita mezani kila asubuhi kutuuliza kama tumelala vizuri. Aliingiza mkono kati ya twiga, akamtoa, akamshika kwa mikono miwili.

"Na huyu ni kazi ya nani?" aliuliza.

"Ni kazi ya mwanafunzi," nilisema.

Mama wa Masinga alikuwa meza ya pili, chondo kikiwa mapajani. Kwenye uwanja wa ndege alikuwa ameshaniuliza gunia lile lina nini, nami nilimwambia ni kitu cha marehemu babu. Aliinua macho kutoka kwenye uzi wake, akanitazama kidogo, akaendelea kusuka.

Siku zile zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Watu walijaa mezani. Waliniuliza kuhusu simba, nikatazama mbali, nikapuliza vumbi, nikasema mara nyingi. Mwenyeji wetu alisimama karibu na kusikia, na kila siku simba waliongezeka. Siku ya mwisho akatuambia ametuandalia kitu cha kutuaga. Huko kwao kuna bustani ya wanyama inayofunguliwa jua likishazama, kwa sababu wanyama wengi huamka wakati huo. "Wewe utajisikia nyumbani," aliniambia.

Nilisema asante.

Tulipandishwa gari refu lisilo na milango wala madirisha, tukaingia msituni polepole. Joto la huko halipoi hata usiku, shati linashikana na mgongo kama umelifulia mwilini. Taa zilikuwa zimefichwa mitini, hafifu, za rangi ya mwezi, na hukuona ua wala waya, ila majani, kisha jicho, kisha mnyama mzima amesimama karibu nawe anatafuna. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga picha kwa taa. Msichana mmoja mwongoza wageni alikaa mbele na kipaza sauti, anaeleza kwa sauti ya chini. Nilikuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini na ndiyo mara ya kwanza naona simba. Alikuwa amelala. Moyo ulinidunda kama wa mtoto, nikafunga mdomo ili mwenyeji wetu asijue.

Lakini mdomo huponza kichwa. Mwenyeji wetu, kwa wema wake, alimwambia yule msichana kwamba kuna mtu wa Kenya garini, aliyekua kati ya wanyama hawa. Gari likasimama mbele ya kifaru, msichana akageuka na kusema labda mgeni wetu angependa kutuambia kitu. Watu wote waligeuza vichwa.

Kifaru alikuwa na pembe moja. Mimi nimechonga vifaru wengi, na nawajua kuwa na pembe mbili, kubwa na ndogo. Sikufikiri. Nilitoa sauti ya huzuni, sauti ya matanga kabisa, nikawaeleza kwamba pembe ya pili imekatwa na majangili, na kwamba kwetu ndivyo tunavyowakuta, maskini, wanatembea porini wakiwa hivyo. Mwanamke mmoja nyuma yangu aliguna kwa huruma. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyewazika wengi.

Msichana alisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa adabu iliyoniua, kwamba hadithi ya majangili ni ya kweli na ya kusikitisha, ila huyu ni kifaru wa India, na wao huzaliwa na pembe moja.

Watu walicheka. Hawakucheka vibaya, walicheka kama mnavyomcheka mgeni aliyekosea njia ya choo. Mwenyeji wetu alinipigapiga begani. Nilihisi masikio yangu yanawaka, nikashukuru giza.

Mama wa Masinga aliniinamia. Tulipokuwa wawili tulichanganya Kikamba na Kiswahili. "Fundi," alisema, "nyamaza kidogo. Hata kiboko ya kwetu ikitoka kwa dam usiku, inatembea ikinyamaza."

"Wewe umewahi ona kiboko?"

"Inakulanga mahindi yangu. Lakini hakuna mtu ameniuliza."

Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikaapa sitasema neno mpaka nifike kitandani. Ndivyo nilivyokuwa, mtu mzima amejikunja kwenye kiti kwa aibu, gari lilipopinda kona na kupunguza mwendo tena.

Alikuwa amesimama kwenye mwinuko, ubavu wake umetuelekea, mwanga hafifu ukitokea nyuma yake. Kwa hiyo sikuona ngozi wala macho. Niliona umbo tu, mstari wa nje, ule mstari ambao mchongaji huuona kabla ya kitu kingine. Mgongo wa mviringo, umevimba kama mkate. Masikio madogo yamelala. Kichwa kikageuka, na juu yake vinundu viwili.

Niliona mlango wa sebule ya nyumbani. Niliona mkono wa baba ukichora kwa mkaa.

Msichana alikuwa akieleza. Alisema hawa ni ndovu wa Asia, si kama wale wa Afrika, tazameni mgongo, tazameni masikio, tazameni kichwa. Alisema kuanzia misitu ya jirani mpaka kule Burma, watu wa zamani waliwafuga na kuwafanyisha kazi ya kuburuta magogo. Walimfunga kamba nene kifuani, alisema, ikapita nyuma ya miguu ya mbele, na mnyama akavuta.

Burma. Bama. Babu hakuwa amekosea chochote. Babu hakuwa amechonga ndovu wa kusikia, wala wa kalenda, wala wa kubahatisha kama tulivyofanya sisi wote Wamunyu nzima, na kiburi chetu chote. Alikuwa ndiye pekee aliyechonga mnyama aliyemwona kwa macho yake, akiwa kijana, mbali na kwao, kwenye mvua, soksi zimelowa, na mnyama yule akiburuta miti kama yeye alivyoburutwa. Alichonga hata kamba. Akarudi nyumbani, wakamwambia ndovu wake ni punda, naye hakubishana. Akamwachia mwanawe ukweli huo bila maelezo, na mwanawe akaulinda bila kuuelewa, mpaka mimi nilipokuja na kalenda yangu.

Na wa mwisho aliyebaki wa mkono wa babu, baba alikuwa amemkata mgongo. Kwa ajili yangu. Ili nisichekwe. Baada ya maisha yote, kazi ya babu ilivuka bahari ikafika karibu na mahali ilikozaliwa, ikiwa imenyolewa kile ambacho watu wa huko wangekitambua mara moja.

Mwenyeji wetu aligeuka. "Je," aliuliza, "anafanana na wale wako?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, yule uliyemshika mezani, yule niliyekuambia ni wa mwanafunzi. Lakini kicheko cha kifaru kilikuwa bado masikioni mwangu. "Hapana," nilisema. "Wa kwetu ni tofauti." Na gari likaondoka.

Niligeuka nyuma, nikatoa simu, nikapiga picha. Nilijua hakitatoka kitu.

Tukirudi hotelini, mama wa Masinga alipumzisha mikono juu ya pochi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ile ndovu ya mwanafunzi. Huyo mwanafunzi ako na miaka ngapi?"

Nilimweleza yote, mshipi, kalenda, mnunuzi wa Nairobi, vijiko. Sijui kwa nini ni rahisi kumwambia mtu ambaye tayari ameshajua. Alisikiliza mpaka mwisho na hakunitia moyo hata kidogo.

"Sasa mzee utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kwanza, kabla ya story ya ndege. Ukianza na ndege, hutafika."

Nilifika Wamunyu mchana. Baba alikuwa kibandani, miguu imenyooshwa, kijiko kimebanwa katikati ya magoti anakikwangua. "Wakya," alinisalimia. "Aa," nikaitikia, kama ilivyo desturi. Nikaketi kwenye gogo mbele yake.

Nilianza na ndege.

Nilimweleza chakula kinavyoletwa kwa visahani, na watu wanavyolala wamekaa, na barabara za huko zisizo na hata ganda la ndizi. Baba alisikiliza na kukwangua. Alicheka pale panapochekesha. Nilimwambia habari za simba aliyelala, akatikisa kichwa na kusema kumbe nao hulala. Nilikuwa bado naongea, nafikiri nilikuwa nimefikia bei ya maji ya chupa, alipoweka kijiko chini.

"Na ile ya babu yako," alisema. "Walicheka?"

"Hapana, baba. Hakuna aliyecheka."

"Muvea," alisema kwa sauti ndogo, yaani asante, sijui kwa nani. Niliona mabega yake yakishuka, na nikajua kwamba muda wote nilipokuwa huko, nikipuliza vumbi na kuongeza simba, mzee huyu alikuwa ameketi hapa akisubiri hilo tu.

Basi nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mwinuko, na mgongo, na masikio, na vinundu viwili. Nilimwambia kuhusu magogo na kamba ya kifuani, na kwamba wanyama hao wako mpaka Bama. Nilisema haraka haraka, nikiangalia mchanga. Nilitoa simu nikampa ile picha. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Sioni kitu."

"Kulikuwa na giza."

"Lakini wewe uliona."

"Niliona, baba. Babu hakukosea. Na wewe hukukosea."

Alinyoosha mkono, nami nikajua anataka nini. Nilifungua begi nikamtoa ndovu kwenye gunia. Baba alimweka mapajani, akapitisha kidole gumba mgongoni, pale palipobonyea, kikaenda mbele kikarudi nyuma. Alifika kifuani, akatafuta mshipi mahali ulipokuwa. Sijawahi kuona mkono wa mtu ukitafuta kitu namna ile. Nilitaka ardhi inimeze.

"Nilipokuwa naikata," alisema, "mkono ulikataa. Nilifikiri ni uzee."

Kisha alinigeukia.

"Uliwaambia ni kazi ya nani?"

Ningeweza kudanganya. Nina uzoefu. "Niliwaambia ni ya mwanafunzi," nilisema.

Alifikiri juu ya jambo hilo. Hakukasirika, na ningependa angekasirika, ningependa anitupie kile kijiko. Alimrudisha ndovu kwenye gunia, akalikunja vizuri, akachukua kijiko chake, akaendelea kukwangua mpaka mama yangu alipotuita kula.

Asubuhi nilimkuta kibandani kabla yangu. Vijiko vilikuwa vimesukumwa pembeni. Mbele yake kulikuwa na gogo la muhugu, kubwa, lililokuwa limekaa kwa miaka likisubiri kazi ya kustahili. Alinipa kipande cha mkaa.

"Wewe ndiye umeona," alisema. "Chora mgongo."

Nilipiga magoti. Nilimkumbuka vizuri yule mnyama, nilimwona nikifumba macho, na mwanga ukiwa nyuma yake. Niliweka mkaa kwenye mti nikaanzia shingoni, na mkono wangu ukaenda juu kidogo, kisha ukashuka katikati. Ulishuka wenyewe. Nimechora mgongo wa kalenda tangu ujana, na mkono haujui mwingine. Baba aliutazama mstari huo, akaufuta kwa kidole gumba, akanirudishia mkaa.

"Tena."

Nilichora tena, ukashuka tena. Alifuta. Alikuwa anaujua mstari ule kuliko anavyojua njia ya kwenda kanisani, angeweza kuuchora kwa pumzi moja, lakini alikunja mikono akasubiri. Jasho lilinitoka, na jua bado halijapanda.

Jirani yetu wa kibanda cha pili alipita na kikombe chake cha chai. Alisimama, akainamisha kichwa, akalitazama gogo lililojaa madoa ya mkaa uliofutwa.

"Mzee, na hii nayo ni kazi ya nani?"

"Ya mwanafunzi," baba alisema, bila kuinua macho. "Muache, ndiyo anaanza."

Nikachukua mkaa, nikaanzia tena shingoni.